Mto Unaokupwa na Kujaa Bila Mwezi

Jumapili asubuhi za Oktoba, chini ya bwawa la Priest Rapids katika jimbo la Washington, Marekani, maji ya mto Columbia hupunguzwa kwa makusudi. Fungu la kokoto liitwalo Vernita Bar hutokeza, na watu wachache waliovaa mabuti ya mpira hushuka na kulitembea macho chini, wakihesabu mashimo. Kila shimo ni kiota cha samoni aina ya Chinook. Jike hulala ubavu, akapiga kokoto kwa mkia mpaka pakafanyika bonde, akataga humo mayai elfu nne au tano, kisha akapanda kidogo mkondoni na kuchimba tena ili kokoto zinazosombwa ziyafukie. Viota vikifika idadi iliyokubaliwa, taarifa hupelekwa kwa waendeshaji wa bwawa, na ratiba ya mitambo ya kufua umeme hugeuzwa: mchana maji yanapunguzwa, usiku yanafunguliwa.

Kwa mfanyabiashara wa umeme huo ni wendawazimu. Umeme una soko asubuhi watu wanapoamka na jioni wanaporudi makwao. Usiku wa manane bei huanguka. Mwenye bwawa yeyote anayejua hesabu zake huzuia maji usiku na kuyamwaga mchana, na ndivyo walivyofanya wenye Priest Rapids kwa miaka mingi. Lakini kwa wiki kadhaa za kila vuli wanafanya kinyume, kwa sababu Chinook wa hapo huchimba viota vyake hasa mchana.

Nimekuwa nikiufuatilia mkataba uliozaa utaratibu huu, na naona unatajwa vibaya na pande mbili. Wanaotetea mabwawa huutumia kuonyesha kwamba samoni na umeme wanaweza kuishi nyumba moja. Wanaoyapinga huupita kimya kimya, kana kwamba kuusifu ni kusaliti. Mimi nadhani una somo moja kubwa, ambalo ni dogo kuliko wanalodai wale wa kwanza: mara nyingi kinachowaua samaki chini ya bwawa ni saa ambayo maji yanatoka kuliko kiasi chake, na saa inaweza kubadilishwa bila kubomoa kitu. Ila ni lazima kwanza samaki wawe wamefika hapo, na lazima pawe na mto wa kuwapokea.

Mtoto wa pwani yetu hafundishwi kupwa na kujaa darasani. Anajua bamvua, kule kujaa na kukupwa kwa nguvu, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na kwamba kati ya hapo ni maji mafu. Anayekwenda mwambani kuchokoa pweza anajua saa ya maji kurudi, na asiyejua huifahamu maji yakiwa kiunoni. Wakazi wa mwambani wenyewe, kaa na kome na chaza, wameumbwa na ratiba hiyo. Hufunga magamba maji yakiondoka, hufungua yakirejea.

Sasa fikiria bamvua kilomita zaidi ya 600 kutoka baharini, mahali ambapo hakuna kiumbe aliyewahi kuiona. Chini ya Priest Rapids kina cha mto kinaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita moja ndani ya siku moja. Mwezi wa mto huo ni swichi. Watu wa Seattle wakiwasha vipasha joto, mto unajaa, wakilala, unakupwa. Umeme wa huko huuzwa mpaka California, kwa hiyo hata kiyoyozi cha mtu wa Los Angeles kina mkono wake katika kina cha maji ya Vernita. Samoni hakuumbwa kwa ratiba hiyo. Columbia aliyoijua kwa maelfu ya miaka ilifurika Mei na Juni theluji ya milimani ilipoyeyuka, ikatulia kufikia vuli, ikabaki chini na shwari majira yote ya kutaga.

Kwa hiyo Chinook jike anapofika Oktoba na kukuta maji ya mchana yamepanda fungu lote, haoni hila. Anachagua kokoto nzuri, zenye mkondo wa kutosha kupitisha hewa kwenye mayai, anachimba, anafukia, na baada ya siku chache anakufa. Chinook hutaga safari moja tu maishani. Usiku maji yanarudi chini na kiota kinabaki juu, kikavu.

Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wengi wa habari za mabwawa hawaelezwi. Yai la samoni linavumilia. Likifukiwa kwenye kokoto zenye unyevu, lisipigwe na baridi kali wala jua, linaweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu likaendelea kukua. Anayekufa ni kifaranga aliyekwisha kuanguliwa ambaye bado yumo ndani ya kokoto na kifuko cha kiini tumboni. Huyo anapumua kwa matamvua, na maji yakiondoka kwa saa chache tu amekwisha. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kukagua fungu Novemba, akafukua, akaona mayai mazima, akaandika ripoti njema. Kisha maji yaleyale, yakishushwa kwa kiasi kilekile mwezi Februari, yakafuta kizazi kizima bila mtu kuona mzoga. Vifaranga wanafia chini ya mawe. Hakuna harufu wala picha ya gazetini.

Wataalamu wa samaki wa jimbo waliligundua tatizo hilo la Vernita Bar miaka ya 1970. Ulifuata mvutano mrefu mbele ya tume ya serikali kuu inayotoa leseni za mabwawa ya umeme, na mwaka 1988 ukatiwa saini mkataba wa Vernita Bar. Mwaka 2004 ulipanuliwa ukawa mpango wa kulinda Chinook wa vuli katika kipande chote cha mto kiitwacho Hanford Reach, kilomita 82 hivi kutoka Priest Rapids kuelekea mji wa Richland. Bwawa lenyewe ni mali ya shirika la umma la umeme la Kaunti ya Grant, lakini shirika hilo peke yake lisingeweza kitu. Ziwa lililo nyuma ya Priest Rapids ni dogo, na lile la Wanapum juu yake halina nafasi kubwa. Maji yanayofika hapo ni yale yaliyoachiwa na Grand Coulee na Chief Joseph, mabwawa ya serikali kuu, yakapita Wells, Rocky Reach na Rock Island. Mabwawa 7 kwenye mto mmoja, wenye tofauti, yakiendeshwa kwa kuratibiana saa kwa saa ili umeme uuzike vizuri. Mashine hiyo ya kuratibu ilikuwepo tayari. Walichofanya wapigania samaki ni kumwingiza jike wa Chinook ndani yake kama mteja mwingine.

Utaratibu wenyewe una hatua tatu, na ya katikati ndiyo ninayoipenda.

Ya kwanza nimekwisha kuieleza: majira ya kutaga, maji ya mchana hushikiliwa chini, kwa kawaida yasizidi mita za ujazo 1,980 hivi kwa sekunde, ili samaki achimbe pale ambapo maji yatakuwepo hata baadaye. Ziada hukusanywa nyuma ya kuta mchana kutwa na kufunguliwa usiku, wakati ambapo samaki wengi hawachimbi. Anadanganywa, ukipenda kusema hivyo, lakini kwa faida yake: anaonyeshwa mto mdogo kuliko uliopo.

Ya pili inakuja Novemba. Hesabu ya mwisho ya viota inafanywa, na palipofika viota vya juu ndipo panapowekwa alama. Kuanzia hapo mpaka vifaranga watoke kwenye kokoto, maji hayaruhusiwi kushuka chini ya alama hiyo. Watajuaje vifaranga wametoka wakati hawaonekani? Kwa kujumlisha joto. Kila siku wanachukua wastani wa joto la maji kwa nyuzi za Selsiasi na kuliongeza kwenye jumla. Jumla ikifika nyuzi 500 au karibu na hapo, mayai yanaanguliwa. Ikifika 1,000, vifaranga wanaanza kuibuka. Majira ya baridi makali huchelewesha hesabu, ya vuguvugu huiharakisha. Ni hesabu ambayo mkulima wa mpunga angeielewa mara moja. Bwawa lenye mitambo ya mamilioni linasubiri jumla ya joto la mto ifike elfu moja.

Ya tatu ni ya machipuko. Vifaranga walioibuka, wenye urefu wa kidole gumba kisichotimia, hukaa kwenye maji ya kina kifupi ukingoni wakikwepa mkondo. Mto ukishuka ghafla wanabaki kwenye vidimbwi, vidimbwi vinapashwa jua, na ndege wanajua. Kila mtoto wa Unguja aliyewahi kuokota visamaki kwenye vidimbwi vya maji kupwa ameliona hili kwa macho yake. Mkataba wa 2004 unaweka mipaka ya kiasi ambacho maji yanaweza kubadilika ndani ya siku moja, na mipaka hiyo hulegea mto unapokuwa mkubwa, kwa sababu mabadiliko yaleyale hufichua ukingo mpana zaidi maji yakiwa machache.

Niseme jambo kuhusu gharama, kwa kuwa hapo ndipo mabishano ya mabwawa huchafuka. Maji yanayopita usiku badala ya mchana yanapita kwenye mitambo ileile. Kinachopotea ni tofauti ya bei kati ya saa ya soko na saa ya usingizi. Ni hasara ya kweli na waliokubali kuibeba wanastahili kutajwa, lakini haifanani na vitisho vilivyozoeleka, kwamba ukimjali samaki taa zitazimika. Kwa muda mrefu hoja dhidi ya wavuvi ilikuwa kwamba wanataka maji. Pale Vernita walitaka ratiba.

Matokeo yakaonekana. Chinook wa vuli wa Hanford Reach ni miongoni mwa makundi yenye nguvu zaidi yaliyobaki katika Columbia nzima. Mwaka 2013 zaidi ya Chinook wa vuli 900,000 walihesabiwa wakipita ngazi za samaki, vidato vya maji vya kupandia ukuta, za bwawa la Bonneville, lililo chini kabisa mtoni, rekodi mpya wakati huo tangu hesabu ianze 1938, na sehemu kubwa yao walikuwa wakielekea Hanford. Samaki hao wanaliwa mbali. Wanavuliwa baharini hadi kusini mashariki mwa Alaska, chini ya mkataba wa samoni wa Marekani na Kanada wa 1985. Wanavuliwa kwa nyavu za kutega kati ya mabwawa ya Bonneville na McNary na watu wa mataifa manne ya wenyeji, Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce, ambao katika mikataba ya 1855 waliachia ardhi kubwa lakini wakajibakizia haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Na wanaobaki baada ya safari hiyo yote ndio wanaopigiwa ndoana na wenye boti pale kwenye daraja la Vernita, Septemba na Oktoba.

Mvuvi wa hapo huishi kwa takwimu mbili: samaki wangapi wamepita mabwawa ya chini siku zilizotangulia, na Priest Rapids inatoa maji kiasi gani saa hii. Zote hutangazwa hadharani. Namba ya kwanza inamwambia kama kuna sababu ya kuamka. Ya pili inamwambia ateremshe nanga wapi, ashushe uzi kina gani, na kama boti aliyoifunga ukingoni alfajiri ataikuta majini au imekalia kokoto. Mahali ambapo jana samaki walipumzika nyuma ya mwamba, leo pana maji ya goti. Wapo wanaolalamika kwamba utaratibu wa kulinda viota unawaharibia siku, kwa kuwa maji hubadilishwa kwa sababu zisizowahusu. Malalamiko hayo nayaelewa, ingawa nashindwa kuyaonea huruma. Samaki wanayemgombania ni yuleyule ambaye mama yake alishikiwa maji miaka minne iliyopita.

Mpaka hapo ni habari njema, na watetezi wa mabwawa wangependa niishie hapa.

Jiulize, basi: kwa nini kilomita hizo 82 zipo? Columbia ndani ya Marekani ni mlolongo wa mabwawa, ziwa la moja linagusa miguu ya jingine, na Hanford Reach ndicho kipande cha mwisho kilichobaki kutiririka kama mto kabla ya kufika maji yanayoathiriwa na bahari kule chini ya Bonneville. Kilibaki kwa sababu ya bomu. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilitwaa eneo hilo, likawafukuza wakazi wa vijiji vya White Bluffs na Hanford, likawazuia Wanapum, wenyeji ambao jina lao limepewa bwawa, wasifike kwenye sehemu zao za kuvulia, likajenga vinu vya nyuklia vilivyopozwa kwa maji ya mto. Plutoni ya bomu lililoangushwa Nagasaki ilitengenezwa hapo. Msomaji wa Lubumbashi au Likasi asione habari hii iko mbali: sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa mabomu ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na watu ambao hawakuambiwa inakwenda wapi. Kwa miongo kadhaa hakuna aliyeruhusiwa kujenga wala kulima kando ya mto huo. Wahandisi wa jeshi walikuwa na mpango wa bwawa jingine, Ben Franklin, ambalo lingeizamisha Vernita Bar yenyewe. Lilipingwa, likasogezwa mbele mara kadhaa, likaachwa. Juni 2000 eneo likatangazwa hifadhi ya taifa.

Hivyo kokoto za Vernita ziliokolewa na siri ya kijeshi, na sumu za siri hiyo bado zinachuruzika ardhini kuelekea mtoni. Anayeutumia mfano wa Hanford kusema mabwawa hayadhuru samoni anasahau kwamba mfano wake umejengwa juu ya kipande pekee ambako bwawa halikujengwa. Ratiba ya maji ilifanya kazi kwa kuwa palibaki mto wa kuratibiwa. Ndani ya ziwa lililotuama huwezi kugeuza mchana kuwa usiku. Hakuna mkondo wa kupitisha hewa kwenye kiota, na kokoto zimezikwa na tope.

Nenda Celilo uone. Maporomoko hayo ya Columbia yalikuwa soko na mahali pa kuvulia kwa maelfu ya miaka. Watu walisimama juu ya majukwaa ya mbao wakiwachota samoni kwa nyavu zenye mpini wakati samaki wakiruka. Tarehe 10 Machi 1957 milango ya bwawa la The Dalles ilifungwa, na kwa saa chache tu maporomoko yakawa chini ya ziwa. Mataifa manne yale ya mikataba ya 1855 yalilipwa fidia. Hakuna saa ya kufungulia maji itakayorudisha jambo hilo.

Au nenda kusini, kwenye mto Klamath wa Oregon na California, ambako tatizo lilikuwa la aina nyingine tena. Mwaka 2001, kwa sababu ya ukame, serikali kuu ilikata maji ya umwagiliaji kwa wakulima wa huko ili kulinda samaki, na wakulima wakaandamana kwa ndoo mkononi. Mwaka uliofuata wakulima walipewa maji yao. Septemba 2002, chini ya bwawa la Iron Gate, samoni wengi wakaingia kwenye mto uliopungua na kupata joto, wakasongamana, na vimelea na bakteria wa matamvua wakafanya kazi yao. Makadirio ya chini ni samaki 34,000 waliokufa kwa siku chache, wengi wao Chinook, wakaelea mbele ya macho ya Wayurok, wenyeji ambao mto huo ndio jikoni mwao na msikitini mwao. Mkasa ule ulikuwa wa kiasi cha maji na joto lake. Lawama iligombaniwa kwa miaka, lakini uliwapa Wayurok, Wakaruk na wenzao hoja ambayo haikuzimika: mabwawa manne ya Klamath yalikuwa yakipasha maji, yakizuia kokoto, yakifuga mwani wenye sumu, na umeme wake haukuwa mwingi. Mwaka 2024 la mwisho lilibomolewa. Katikati ya Oktoba mwaka huohuo Chinook walionekana Oregon, katika kijito kinachoingia Klamath juu ya yalipokuwa mabwawa. Hawakuwahi kuonekana huko tangu 1912.

Kwa hiyo magonjwa ni tofauti. Kuna mto unaoumwa saa, kuna unaoumwa joto, kuna uliozikwa. Wanasiasa wanapenda dawa moja. Kwenye mto Snake, tawi kubwa la Columbia, mabwawa manne ya chini yamekuwa yakibishaniwa kwa miaka zaidi ya 20 mahakamani. Desemba 2023 serikali ya Biden ilifikia makubaliano na mataifa ya wenyeji ambayo yangeandaa njia ya kuyaondoa, na Juni 2025 Trump akayafuta. Katika kelele hiyo kila upande unarusha takwimu za samaki kama mawe, na Vernita ni jiwe linaloruka kila mara. Halifai pale. Shida kubwa ya Snake ni samaki wachanga wanaopaswa kupita kuta nane na maziwa ya vuguvugu kabla ya kuona bahari.

Sisi pia tumeonja jambo la ratiba na kiasi: chura wa Kihansi, Tanzania, aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko pekee, alitoweka porini baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo, na ikabidi wazao wa waliopelekwa Marekani warudishwe kuishi chini ya mabomba ya kunyunyizia.

Kuna tukio moja la 2014 ambalo kwangu linaeleza udhaifu wa mpangilio wote. Februari mwaka huo ufa wa urefu wa mita 20 hivi uligunduliwa chini ya maji kwenye bwawa la Wanapum, lile lililo juu ya Priest Rapids. Ziwa likashushwa karibu mita 8 ili kupunguza shinikizo. Bwawa halikuanguka. Lakini ngazi za samaki, zilizojengwa kwa kina kimoja cha maji, zikabaki mdomo wake wa juu ukining'inia hewani. Samaki angepanda ngazi yote, afike kileleni, akute hakuna ziwa. Mafundi walikimbizana na kalenda, wakaunda mitelezo ya muda ya kuwashushia samaki majini, ikawa tayari kabla kundi kubwa halijafika. Walifanya kazi nzuri. Ila unaona samaki hao wanaishi kwa huruma ya vipimo vingapi.

Na kuna hesabu moja ambayo mkataba wa Vernita hauiandiki. Alama ya Novemba ikishawekwa, maji lazima yatoke mahali ili kuitimiza mpaka machipuko, na kwenye majira ya baridi makavu yanatoka kwenye ghala kubwa la juu, ziwa Roosevelt, nyuma ya Grand Coulee. Bwawa hilo lilijengwa bila ngazi za samaki. Juni 1940, kabla maji hayajameza maporomoko ya Kettle, watu wa mataifa mengi walikusanyika hapo kwa siku tatu kuyalilia. Mkusanyiko huo huitwa Sherehe ya Machozi. Chini yake lilifuata bwawa jingine lisilo na ngazi, wakalipa jina la Chief Joseph, kiongozi wa Wanez Perce aliyefia uhamishoni mwaka 1904 katika ardhi ya Wacolville, wenyeji wa palepale jirani. Kwa hiyo viota vya Hanford vinaloweshwa kila mwaka na maji yanayopita katika nchi ya watu ambao samoni wao walikatwa kabisa.

Leseni ya sasa ya Priest Rapids ilitolewa 2008 kwa miaka 44, nayo imebeba ulinzi wa viota ndani yake. Huko juu, Agosti 2019, Wacolville walipakia Chinook 30 kwenye gari lenye tangi, wakawavusha bwawa la Chief Joseph kwa barabara, wakawaachia majini huku wazee wakiimba. Wengine wakafuata juu ya Grand Coulee. Mwaka 2023 serikali kuu iliahidi dola milioni 200 kwa miaka 20 kuendeleza kazi hiyo. Na vuli ya 2020, kwenye mto Sanpoil unaoingia ziwa Roosevelt, watu walitembea ukingoni macho chini, kama wale wa Vernita, wakaviona viota.